AKILI YA MAMA ALIYEZAA NA HAKI YAKE KAZINI



Kuna maneno yasemwayo sana mahali pa kazi, na sisi wa Moi's Bridge twaona yafaa kujibiwa katika kijarida chetu hiki. Mwanamke akiwa mja mzito, au akirudi kazini baada ya kujifungua, akasahau jambo dogo tu, kama mahali alipoweka ufunguo au hesabu ya magunia, utamsikia mtu akicheka: "Mwacheni huyo, mimba imekula akili zake." Wengine husema vibaya zaidi, kwamba mwanamke akiisha kuzaa hafai tena kupewa kazi ya kufikiri, kama kushika daftari, kukata tikiti au kupokea simu ya stesheni. Maneno haya huanza kama mzaha, lakini hayaishii hapo. Yakifika masikioni mwa tajiri huwa sababu ya kumnyima mtu cheo, au kumhamisha, au kumwambia mkataba wake umekwisha.

Basi tumeona vema kuuliza: Je, ni kweli kwamba ubongo wa mwanamke hubadilika akichukua mimba? Jibu ni ndiyo, hubadilika, na hubadilika sana. Siku hizi jambo hili limepimwa na kuonekana kwa macho. Lakini kubadilika si kuharibika. Tukiisha kuelewa tofauti ya maneno haya mawili tutajua pia chama chetu kidai nini.

Mwishoni mwa mwaka 2016 wataalamu wa chuo kikuu kimoja cha Barcelona, katika nchi ya Hispania, nao ni Elseline Hoekzema na wenzake, walitoa habari za kazi yao ya miaka mingi. Walipiga picha ubongo wa wanawake ambao hawajapata kuzaa, kwa ile mashine kubwa itumiayo nguvu za sumaku. Halafu 25 katika hao walipozaa mtoto wa kwanza, wakapigwa picha tena. Wakalinganishwa na wanawake ambao hawakuzaa, na wanaume waliopata mtoto, na wanaume wasio na mtoto. Ikaonekana kwamba sehemu ya kijivu ya ubongo wa wale mama imepungua kidogo mahali fulani fulani. Alama hiyo ilikuwa wazi hata kwa kutazama hesabu za picha peke yake waliweza kutambua yupi katika wanawake wale alichukua mimba na yupi hakuchukua. Miaka miwili baadaye alama ilikuwa ingalipo. Na baadhi ya mama hao walipotazamwa tena miaka sita baada ya kuzaa, kama ilivyoandikwa mwaka 2021, mabadiliko mengi yalikuwa bado yanaonekana.

Mwaka 2024 ikatoka habari nyingine, ya Marekani. Mtaalamu wa mambo ya ubongo katika California, Bibi Elizabeth Chrastil, alijitoa mwenyewe apimwe. Alipigwa picha mara 26, tangu wiki tatu kabla ya kuchukua mimba mpaka miaka miwili baada ya kuzaa. Wenzake waliona sehemu ya kijivu ikipungua wiki baada ya wiki, na wakati huo huo zile njia nyeupe zinazopeleka habari toka upande mmoja wa ubongo hata mwingine zikipata nguvu zaidi mpaka katikati ya mimba, kisha zikarudi zilivyokuwa. Na mwaka 2025 wataalamu wa Hispania wakatoa hesabu za wanawake 127 waliofuatwa katika mimba yao: sehemu ya kijivu hupungua karibu 5 katika 100, halafu hurudi kupanda kwa kiasi katika miezi sita baada ya kujifungua.

Mtu mwenye haraka akisikia neno "kupungua" atasema, "Si ndiyo hayo tuliyoyasema?" Ndugu yetu, ngoja. Sisi ni watu wa reli na jambo hili tunalo mfano wake mikononi. Gangi ya njia inapokwenda kutengeneza upya kipande cha reli hufanyaje? Hung'oa mataruma ya zamani, huondoa kokoto zilizojaa udongo, hukata na kutupa. Mtu apitaye barabarani akitazama siku hiyo atasema njia imebomolewa. Lakini hakuna mfanya kazi wa reli asemaye hivyo. Tunajua kwamba kilichotolewa kimetolewa ili njia ibebe mzigo mpya. Tunajua pia kwamba kazi ikiisha, kokoto mpya hazijashika sawasawa, kwa hiyo huwekwa bao la kupunguza mwendo mpaka njia itulie. Hakuna dereva aonaye bao lile akaitukana njia. Hupunguza mwendo, akapita salama.

Ndivyo wasemavyo wataalamu juu ya ubongo wa mama. Wao wanaufananisha na ubongo wa kijana anapobalehe, maana wakati ule pia sehemu ya kijivu hupungua, mambo yasiyohitajiwa hupunguzwa ili yanayohitajiwa yapite upesi. Hatujasikia mzee yeyote akisema kijana wake akibalehe amepoteza ubongo. Husema amekuwa mtu mzima.

Na tena tazameni ni mahali gani panapobadilika. Si kila mahali. Ni hasa zile sehemu ambazo mtu hutumia kumfahamu mtu mwingine: ana nini moyoni, anataka nini, ana hofu ya nini. Mtoto mchanga hana maneno. Analo lia moja, na katika lia hilo moja mama hana budi kutambua njaa, na baridi, na homa, na tumbo. Wale wa Barcelona walipowaonyesha mama picha za watoto wao, baadhi ya sehemu zilizokuwa zimepungua ndizo zilizoamka. Na mama ambao ubongo wao ulikuwa umebadilika zaidi ndio waliosema wameshikamana zaidi na watoto wao. Wazee walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Na katika shule za misheni tulisoma jinsi Mfalme Sulemani alivyomtambua mama wa kweli kati ya wanawake wawili waliogombea mtoto, wala hakuhitaji mashine. Mashine imekuja nyuma, ikaonyesha mahali uchungu huo unapokaa.

Kinacholeta mabadiliko haya ni zile dawa za mwili mwenyewe ziitwazo homoni. Wakati wa mimba homoni za estrojeni na projesteroni hupanda mno, halafu mtoto akiisha kutoka na kondo la nyuma likatoka, hushuka ghafula katika siku chache. Tena kuna oksitosini, inayokaza tumbo la uzazi wakati wa uchungu na kutoa maziwa mtoto anaponyonya, nayo hufanya kazi katika ubongo pia. Si hirizi, si ulegevu wa tabia. Ni mwili unatengeneza njia.

Sasa tusije tukaonekana twaficha upande mmoja. Je, kusahau ni uongo? La, si uongo wote. Mwaka 2018 wataalamu wa Australia walikusanya kazi 20 zilizofanywa mbele yao, zenye wanawake waja wazito 709 na wasio na mimba 521. Wakaona kwamba waja wazito, hasa katika miezi mitatu ya mwisho, walipata alama za chini kidogo katika kukumbuka na kufikiri. Lakini wakasema wazi kwamba kupungua huko ni kudogo, na kwamba alama zao zilibaki katika kiasi cha kawaida cha watu wote. Wale mama wa Barcelona walipopimwa kukumbuka kabla na baada, hakuna upungufu uliopatikana. Na zamani zaidi, mwaka 1999, huko Marekani Craig Kinsley na wenzake walijaribu panya jike, wakaona panya aliyezaa hujifunza mahali chakula kilipofichwa na kukumbuka vizuri kuliko asiyezaa. Panya si mtu, twajua. Ila habari hiyo hailingani kabisa na wimbo wa kusema kuzaa ni kuharibika akili.

Tena kuna usingizi. Mama wa mtoto wa miezi miwili huamka mara tatu, mara nne, usiku mmoja, na usiku wa kesho hivyo hivyo. Sisi watu wa zamu za usiku twajua maana yake. Mtu aliyekosa usingizi siku tatu hukosea kusoma namba ya behewa, hutia jina mahali pa tarehe. Reli inajua hatari hiyo, ndiyo maana dereva wa gari la moshi amewekewa saa zake, zikipita hupokewa na mwenziwe. Hakuna amwitaye mpumbavu. Mbona mama aliyekesha akinyonyesha aitwe mpumbavu?

Sasa tuje karibu na nyumbani, maana habari hizi hazikuanza Hispania wala California. Sehemu kubwa ilianza hapa kwetu Afrika ya Mashariki.

Katika miaka 1954 na 1955 Bibi Mary Ainsworth alikaa katika vijiji vya karibu na Kampala, akatazama mama na watoto wachanga, familia 26 zenye watoto 28. Aliwazuru nyumbani mwao muda wa miezi, akaandika jinsi mama anavyomsikia mtoto na jinsi mtoto anavyomtumia mama kama kituo: hutoka kidogo, hucheza, hurudi, hutoka tena. Kitabu chake juu ya watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967. Mafundisho ya dunia nzima juu ya mapenzi ya mama na mtoto yamejengwa kwa sehemu kubwa juu ya yale aliyoyaona kwa mama wa Buganda, ambao hawakuwa na shule kubwa wala mshahara.

Kisha katika miaka ya 1970 daktari Mwingereza, John Cox, alifanya kazi Kasangati, si mbali na Kampala. Huko alikuta Waganda wana neno lao la zamani, amakiro, yaani ugonjwa wa akili umpatao mama baada ya kuzaa. Watu wengi walisema unaletwa na uzinzi wa mama au wa baba wakati wa mimba. Daktari alipima wanawake 263, akaandika habari zao mwaka 1979. Aliona kwamba ugonjwa wenyewe ni kweli, upo, ingawa sababu iliyotajwa na watu ni nyingine. Baadaye alipofanya kazi Scotland aliona huzuni ya uzazi iko kwa wanawake wa huko vile vile. Mwaka 1987 yeye na wenzake, Jenifer Holden na Ruth Sagovsky, walitoa karatasi yenye maswali kumi tu, ambayo nesi anaweza kumwuliza mama ili ajue kama amezidiwa na huzuni. Karatasi ile inatumika duniani kote leo, na imetafsiriwa katika lugha nyingi, Kiswahili kimo.

Tumetaja hayo kwa sababu njia inayotengenezwa upya huweza pia kupata ajali. Wanachama wajue tofauti. Mama wengi hulia lia na kuwa na moyo mwepesi siku chache baada ya kuzaa. Hiyo hupita yenyewe katika wiki mbili hivi. Lakini ikizidi, akawa hali, halali hata mtoto akilala, hamtaki mtoto au anajiona hafai kuishi, huo ni ugonjwa wa huzuni, nao unatibiwa. Shirika la Afya la Dunia linasema katika nchi zetu zisizo tajiri mama karibu 20 katika 100 hupata taabu ya akili baada ya kuzaa, na karibu 16 katika 100 huipata wakati wa mimba. Tena uko ule mkali, wa kuona yasiyokuwapo na kusikia sauti; huo ni adimu, mama mmoja au wawili katika elfu, lakini apatwaye nao hapana kungoja mpaka kesho. Ni hospitali siku ile ile, kama mtu aliyevunjika mguu.

Ndugu, sheria ya nchi yetu inajua mambo haya zamani. Inajua, lakini mahali pasipofaa. Soma Sheria ya Makosa ya Jinai ya Kenya, kifungu cha 210. Imeandikwa kwamba mama akimwua mtoto wake aliye chini ya miezi 12, naye wakati huo akili yake ilikuwa imevurugika kwa sababu hajapona sawasawa athari za kuzaa au za kunyonyesha, hahukumiwi kama mwuaji wa kukusudia. Huadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia. Sheria hiyo ilitokana na ya Waingereza. Sisi hatuilaumu, ni sheria yenye huruma. Lakini fikirini maana yake. Mbele ya hakimu, mtoto akiisha kufa, Serikali yakubali kwamba akili ya mama inaweza kuwa haijatulia mpaka mwaka mzima baada ya kuzaa. Mbele ya tajiri, mtoto yu hai na mama yu mzima, miezi mitatu yatosha na neno limekwisha! Miezi kumi na miwili kwa ajili ya msiba, mitatu kwa ajili ya uzima. Hesabu hii hailingani, na chama cha wafanya kazi kisipoisema, nani ataisema?

Tusiwe watu wa kulalamika tu, tutaje pia yaliyopatikana. Chini ya sheria ya kazi ya mwaka 1976 mama alipewa miezi miwili yenye mshahara, lakini akapoteza livu yake ya mwaka, kana kwamba kuzaa ni kwenda kutembea. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 29, imempa miezi mitatu yenye mshahara kamili, wala livu yake ya mwaka haikatwi, na akirudi ana haki ya kupata kazi yake ile ile au inayolingana nayo kwa masharti yasiyo duni. Kifungu cha 46 kinakataza kumfukuza mtu kwa sababu ya mimba. Na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka tajiri aweke mahali safi pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa, na ampe nafasi ya kufanya hivyo isiyozidi saa moja katika kila saa nane za kazi, mbali na saa ya chakula.

Hayo ni mema. Lakini tazameni yalivyochelewa. Mapatano ya kwanza ya kazi za dunia juu ya uzazi yalifanywa Washington mwaka 1919. Yalisema wiki sita kabla ya kuzaa na wiki sita baada yake, na nusu saa mara mbili kwa siku ya kunyonyesha. Mwaka huo reli ilikuwa haijafika Eldoret. Ilifika mwaka 1924, na tawi letu la kutoka Leseru kwenda Kitale likafunguliwa mwaka 1926, wakati huu mji wetu ukiitwa Hoey's Bridge. Reli ilitufikia mapema. Ile saa moja ya kunyonyesha ilisafiri miaka 98 kabla ya kuandikwa katika sheria yetu. Na mapatano mapya ya mwaka 2000, namba 183, yamekwisha kusema wiki 14, nasi bado tuko kwenye miezi mitatu.

Tena sheria iliyoandikwa haimfikii kila mtu. Katika mji wetu wako wanawake wanaochambua na kushona magunia ya mahindi kwa kibarua cha siku. Hao hawana mwezi hata mmoja. Siku asiyofika ndiyo siku asiyolipwa, basi hufika, mtoto mgongoni, katika vumbi la mahindi. Na wake zetu wenyewe wakaao katika nyumba za reli hawana tajiri, kwa hiyo hawana livu. Akijifungua Jumatatu, Alhamisi yuko na mtungi.

Hapa mzee mmoja atatwambia, "Mama zetu walizaa shambani na jioni wakapika. Hizi habari za ubongo ni za wanawake wa siku hizi." Twamjibu kwa heshima. Mzee, mama zetu hawakuwa peke yao. Palikuwa na mama mkwe, na mashemeji, na dada, na mkunga aliyekaa karibu. Watu wa pwani wana arobaini yao mpaka leo: mama hukaa ndani siku 40, anakandwa, anapikiwa uji, kazi zinafanywa na wengine. Wazee hawakuwa na mashine ya kuonyesha ubongo, lakini walijua kwamba njia mpya haipitishwi mzigo mzito siku ya kwanza. Ni kazi ya mshahara iliyovunja mpango huo. Mtu wa reli huhamishwa leo Bungoma, kesho Kitale, mke wake hufuata, naye akijifungua katika nyumba ya reli jirani hamjui hata jina. Tulimtoa kwa mama yake, kisha twamcheka akilia.

Na tajiri naye atasema, "Kama ubongo wao unabadilika, basi mimi niajiri wanaume tu." Huyu tumsomeshe kidogo. Ubongo wa mwanamume hubadilika pia. Mwaka 2022 wataalamu wa Hispania na California walitoa picha za wanaume 40 waliopata mtoto wa kwanza, wakaona mabadiliko madogo katika ubongo wao, ingawa hawakubeba mimba. Na mwaka 2014 huko Israel ilionekana kwamba baba anayelea mtoto kama mlezi mkuu, ubongo wake huamka kwa sauti na sura ya mtoto karibu kama wa mama. Kwa mama, mimba ndiyo inayoanza kazi. Kwa baba, kazi yenyewe ya kulea ndiyo inayomgeuza: kumbeba, kumwogesha, kuamka usiku. Asiyefanya hapati.

Kwa hiyo neno hili liwafikie wanaume wa chama. Sheria ile ile ya 2007 imetupa wiki mbili zenye mshahara kamili mke anapojifungua. Si wiki za kupalilia mahindi, wala za kukaa kilabuni kupongezwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini ukiubeba usiku wa manane siku 14 utajua uzito wake, na hutasema tena maneno ya mimba kula akili.

Basi sisi wa Moi's Bridge twaomba mambo haya yapelekwe katika mkutano wa matawi, yajadiliwe, na yatakayokubaliwa yatiwe katika mapatano yetu na matajiri:

1. Livu ya uzazi iwe wiki 14 kwa uchache, na mama akirudi, miezi mitatu ya kwanza asiwekwe zamu ya usiku ila akitaka mwenyewe. Hilo ndilo bao letu la kupunguza mwendo. Bao huondolewa njia ikitulia. Si alama ya aibu na lisiandikwe katika faili yake kama kosa.

2. Kila stesheni na karakana yenye mfanya kazi anayenyonyesha iwe na chumba chenye mlango, maji na kiti, kama sheria ya 2017 isemavyo. Choo si chumba cha kunyonyesha. Na ile saa moja isikatwe mshahara.

3. Mja mzito katika miezi ya mwisho asipewe kunyanyua vitu vizito wala kazi ya kupanda mabehewa. Apewe kazi nyingine kwa mshahara ule ule.

4. Chama kiombe hospitali na zahanati zetu za Uasin Gishu, Trans Nzoia na Bungoma kwamba mama anapompeleka mtoto kudungwa sindano, naye aulizwe yale maswali kumi. Mtoto hupimwa uzito kila mara, mama haulizwi hata hali. Maswali kumi hayahitaji mashine wala dola.

5. Wake wa wafanya kazi na akina mama wa kibarua wasaidiwe kufanya vikundi vyao. Jambo hili si ndoto. Tangu mwaka 2012 huko Busia, na baadaye hapa jirani Trans Nzoia, wako akina mama waja wazito na wenye watoto wachanga waliokusanywa katika chama cha wao kwa wao, pamoja na wahudumu wa afya wa kijiji, wakafundishana habari za mimba na kulea na kuweka akiba. Kazi hiyo ilifanywa na watu wa hospitali kuu ya Eldoret na chuo chake. Tukiwa na chama cha kuzikana, hatuwezi kushindwa kuwa na cha kuzaliwa.

6. Kila mwanachama asikiapo mtu akimtukana mama kwa kusahau, amjibu pale pale. Hili halingoji mkutano wala sahihi ya tajiri.

Ndugu, tumezoea kudai mambo yanayoonekana: shilingi, viatu, makoti ya mvua, nyumba zisizovuja. Hayo tutaendelea kuyadai. Lakini mwaka 1919 palikuwa na watu waliodai nusu saa ya kunyonyesha wakati ambapo hakuna aliyeweza kuwaonyesha picha ya ubongo. Walijua kwa kuishi na watu. Sisi picha tunazo, sheria nusu tunayo, na wanawake wenyewe tunafanya kazi nao kila siku. Makatibu wa matawi watuandikie kabla ya mkutano ni mama wangapi wamezaa mwaka huu katika tawi lao, wamepata livu ya siku ngapi, na kama kuna chumba au hakuna. Tukifika mbele ya matajiri tuwe na hesabu mkononi.

Umoja wetu udumu.

Ni sisi wenzenu,
Wafanya kazi wa reli, Moi's Bridge